Kahawa ya Maria, Karanga za Kongwa

CD za filamu zinaondoka kimyakimya. Sokoni Kibaigwa, mji ambao nchi nzima inaujua kwa mahindi, meza zilizokuwa zimejaa makava ya Bongo Movie, ya Kinigeria na ya Kihindi sasa zimepangwa chaja na vioo vya simu, na pembeni amekaa kijana mwenye kompyuta anayekuingizia muvi kwenye flashi wakati unasubiri gari la kwenda kwenu. Ndiyo maana CD ikiingia nyumbani leo watu huishika, huigeuza, husoma maandishi ya nyuma ya kava. Hii ninayoiandikia ilifika kwetu Mlali ndani ya katoni, imeachwa na mgeni aliyekuja kujitolea kwenye kituo cha Wakapuchini kinachohudumia watoto wenye ulemavu. Mlikuwa na vitabu vya tiba, viatu vya watoto vya saizi mbalimbali, na filamu moja ya Kifaransa: White Material ya Claire Denis, toleo la kutazamia nyumbani lililotolewa na kampuni ya Criterion ya Marekani mwaka 2011. Ukiuelekeza upande wake wa chini dirishani, rangi zote za upinde wa mvua zinakimbia kutoka katikati kwenda ukingoni, na juu ya rangi hizo umelala mkwaruzo mmoja mrefu. Deki za Kichina hazichagui CD imetoka nchi gani. Tuliitia, ikazunguka, ikasita, ikasoma.

Kwenye jumba la sinema mtazamaji ndiye mgeni: analipa mlangoni, anakaa anapoambiwa akae, anatoka taa zikiwaka. CD inageuza mambo. Filamu ndiyo inayobisha hodi, ndiyo inayokaribishwa sebuleni, na ikishaisha inalala kabatini karibu na picha za harusi na cheti cha ubatizo. Na mgeni, walisema wazee, ni kuku mweupe. Hata akichakura pamoja na wengine, jicho la mpita njia linamwona yeye kwanza. Filamu hii inamhusu kuku mweupe wa namna hiyo. Maria Vial, anayechezwa na Isabelle Huppert, anaendesha shamba la kahawa katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, ingawa picha zilipigwa Kameruni. Shamba ni la mzee Henri, baba wa André, mume aliyeachana naye. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekaribia. Helikopta ya jeshi la Ufaransa inapita juu ya barabara, askari wanampigia kelele kwamba wao wanaondoka na yeye aondoke, wanamwangushia vifurushi vya kujiokolea ambavyo vinatua kwenye vumbi. Vibarua wanafunga mizigo. Redioni mtangazaji anapiga rege na kutoa maonyo. Maria anaingia kwenye gari, haendi uwanja wa ndege. Anakwenda vijijini kutafuta vibarua wengine, kwa sababu zimebaki siku chache tu kahawa imalizike kuvunwa.

Tuliokuwa sebuleni tulikuwa wa kila rika, na shangazi yangu alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, anachambua choroko kwenye ungo huku akitazama. Ni mtu aliyelima karanga, uwele na alizeti maisha yake yote katika udongo huu unaopata mvua kwa msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na wakati mwingine haupati. Maria alipokataa kupanda helikopta, mimi nilitegemea sebule nzima igune. Shangazi alisimamisha mkono juu ya ungo. "Kahawa imeshaiva, mwanangu," akasema. "Utaiachaje?" Wengi walioandika juu ya filamu hii huko Ulaya na Marekani walimwona Maria kuwa mtu aliyepofushwa, mbishi wa kufa, masalia ya ukoloni asiyetaka kuona kwamba zama zake zimekwisha. Shangazi aliona mkulima. Aliona mwanamke mwenye mazao mekundu matawini, na mazao hayasubiri amani. Usiache mbachao kwa msala upitao: amani ni msala upitao, kahawa iliyo mkononi ndiyo mbachao. Nimeufikiria mno ule mkono uliosimama juu ya ungo, maana ndani yake mlikuwa na huruma ambayo sikuitarajia, huruma ya mkulima kwa mkulima, iliyovuka rangi na lugha na bahari bila kuomba ruhusa.

Halafu jirani yetu, mzee ambaye baba yake alikuwa utingo wa trekta kule Kongwa enzi za mpango wa karanga wa Waingereza, akauliza swali lake. Aliuliza kwa sauti ya chini, macho yake kwenye kioo: "Na hao wanaobeba magunia, wanalala wapi?" Hakuna aliyemjibu, filamu ikaendelea. Lakini tangu siku hiyo maswali hayo mawili, la shangazi na la mzee, yamekaa ndani yangu na hayataki kuachana. Utaiachaje? Na hao wanalala wapi? La kwanza ni la mwenye shamba, na filamu imelibeba kwa uaminifu mkubwa. Namheshimu Claire Denis kwa hilo, yeye na Marie NDiaye aliyeandika naye. La pili ni la mbeba magunia. Hilo filamu inaligusa, inalionyesha mlango, kisha inapita.

Filamu ni ya Kifaransa, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo ilibidi nitafsiri kadiri picha inavyokwenda. Kazi hiyo ina heshima yake nchini kwetu. Kabla televisheni haijaenea, na hata baada ya Tanzania Bara kupata vituo vyake miaka ya 1990, watu wengi waliona filamu kwenye mabanda ya video, yale yanayoitwa sasa vibanda umiza, na aliyewafanya waione hasa hakuwa mcheza filamu wala mwongozaji bali mtafsiri. Kapteni Derek Mukandala, ambaye watu walimjua kwa jina la Lufufu, aliketi na kipaza sauti Dar es Salaam na sauti yake ikasafiri kwenye kanda mpaka vijijini. Lufufu hakutafsiri maneno tu. Alieleza jambo ambalo picha haikulisema, alimtahadharisha mtazamaji, alimpa aliyenyamaza kauli ya kusema. Mtu aliyepita nyuma ya stelingi kwa nukta mbili, aliyelipwa posho ya siku na kusahauliwa, mikononi mwa mtafsiri mzuri aliweza kupata mama, deni na sababu ya kuwepo pale. Nilipokuwa nikitafsiri vibarua wa Maria niliona jinsi maneno yao yalivyo machache. Wanauliza juu ya malipo, wanasema wanaondoka, wanapanda gari, wanashuka. Sebuleni kwetu wenyewe walianza kuwasemea. Kijana mmoja akasema yule wa nyuma amemwacha mke mjamzito. Mwingine akasema hapana, yule anafikiria baiskeli yake aliyoiacha kwa fundi. Yalikuwa maneno ya kubuni, na bado niliona haki ikitendeka ndani yake.

Hapo ndipo rimoti ilipopata maana. Jumbani picha hukimbia mbele na wewe huna la kufanya. Nyumbani unaweza kuisimamisha. Niliisimamisha mahali ambapo kahawa inaoshwa, maji yanapita, tunda jekundu limejaa, na mtu ameinama kuinua mzigo. Maria yuko mbele, nywele zake na gauni lake jepesi vimepokea mwanga wote. Nyuma yake shingo ya yule mtu imekaza, mishipa miwili imetoka, kidole gumba kimebonyea ndani ya kitambaa cha gunia mpaka kucha imebadilika rangi. Kamera haikwenda pale kumtafuta. Ilimpata tu njiani. Lakini yumo, mwanga uliompiga Huppert ulimpiga na yeye, na filamu haina namna ya kumfuta. Nilikaa naye kwa muda hata watoto wakaanza kulalamika kwamba picha imeganda. Nilitaka kumwona mtu ambaye swali la mzee lilimuulizia, na nilipomwona nikaelewa kwamba nimekuwa nikimwona tangu utotoni, bila kioo, kwenye masimulizi ya Kongwa.

Kongwa si mbali na Mlali, na sote ni wilaya moja. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alipeleka wazo kwa serikali ya Uingereza: nchi yao ilikuwa imetoka vitani bila mafuta ya kula ya kutosha, na Tanganyika ilikuwa na ardhi. John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa, aliongoza msafara wa kukagua, na John Strachey, Waziri wa Chakula, akausimamia mpango. Zingelimwa ekari zaidi ya milioni 3 za karanga katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, kwa pauni milioni 25. Pa kuanzia pakawa Kongwa, mwaka 1947. Yaliletwa matrekta yaliyochakaa, mabaki ya vita kutoka Ufilipino. Vifaru vya Sherman viling'olewa mizinga vikageuzwa matrekta ya kung'olea visiki. Reli ya tawi ikajengwa kutoka Msagali kwenda Kongwa na kuendelea mpaka Hogoro. Wanaume walitoka kila upande, Wagogo na Wakaguru wa hapa na wengine kutoka mbali, wakajaa kambini. Mwaka wa kwanza ulipangiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Pori la Kongwa lina mizizi iliyoshikana chini kwa chini, mibuyu ina nyuki ndani ya matumbo yake na nyuki hawakujali mkataba wa mtu. Mchanga wa humo ndani ni mkali, uliyasaga majembe ya matrekta. Na udongo wenyewe, mvua ikishaondoka na jua likakaa siku chache, huwa zege. Karanga imezaa vizuri chini na mashine haiwezi kuitoa.

Hili la udongo linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu lilikuwa linajulikana. Mgogo mwenye kijishamba cha karanga huzing'oa ardhi ikiwa bado na unyevu, kwa mkono, familia nzima imeinama, na akichelewa anajua amepoteza. Alijua pia kwamba mvua ya nchi hii haiaminiki, ndiyo sababu akaweka akiba yake kwenye ng'ombe na kwenye uwele. Ujuzi huo ulikuwepo Kongwa kila asubuhi, umesimama kwenye foleni ya kuandikishwa kazi, na kazi uliyopewa ikawa kubeba na kukata. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango umekwisha, na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Sehemu ya ardhi baadaye ikawa ranchi ya ng'ombe, ambayo ipo hadi leo, kana kwamba nchi ilisubiri wageni wamalize ili iendelee na jambo ililokuwa ikilifanya. Majengo yalitumika kwa shule ya watoto wa Kizungu mpaka 1958. Reli ya tawi ikafungwa, mataruma yakaenda zake.

Sasa weka Maria upande mmoja na wakubwa wa karanga upande wa pili. Yeye hataki kuondoka hata risasi zikilia. Wao waliondoka kwa tangazo lililosomwa London. Yeye anajua kila mti wa kahawa. Wao waliijua Kongwa kwa ramani na kwa kuitazama kutoka ndege. Nikiulizwa nani kati yao ameipenda nchi, nitasema Maria, na nitasema bila kusita. Lakini mzee bado ameketi pale na swali lake, na swali hilo halibadiliki mbele ya upendo. Anayeipenda ardhi na asiyeipenda wote wawili waliwahitaji watu walewale, wakawapa gunia lilelile, wakawahesabu jioni. Upendo wa Maria unaishia kwenye tunda la kahawa. Katika filamu watoto wenye bunduki wanaingia nyumbani kwake, wanajaribu vitu vyake, wanameza dawa, wanalala chali sakafuni na vitandani na midomo wazi ya watoto waliochoka. Na askari wanakuja kuwaua usingizini. Sebuleni kwetu hakuna aliyesema neno. Shangazi alifunika ungo kwa kanga. Kuna mwana wa Maria pia, Manuel, aliyenyoa nywele na kujiunga na watoto hao bila kujua anatafuta nini, na kuna mpiganaji anayeitwa Bondia, anayechezwa na Isaach De Bankolé, ambaye katika filamu za banda angekuwa stelingi na stelingi hafi. Huyu amejeruhiwa tumboni tangu mwanzo, anajificha kwenye nyumba ya mwenye kahawa, anakufa taratibu, karibu bila maneno. Mchuma janga hula na wa kwao. Ila mara nyingi janga huanza kuliwa na wasiolichuma.

De Bankolé na Claire Denis walikuwa wamekutana zamani. Mwaka 1988 alicheza Protée, mtumishi wa nyumbani katika Chocolat, filamu ya kwanza ndefu ya Denis, kuhusu binti wa ofisa wa kikoloni Kameruni. Denis mwenyewe alizaliwa Paris mwaka 1946 na kulelewa Afrika, kwa kuwa baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Kifaransa, na Kameruni ni mojawapo ya nchi za utoto wake. Kwa hiyo anapopiga picha ya nyumba ya Kizungu katika vumbi jekundu hachokozi nchi ya watu. Anarudi kwao, mahali ambapo anajua kwamba si kwao. Nampa haki hiyo yote. Mtoto hachagui mahali pa kukulia, na harufu ya mvua ya kwanza haiulizi pasi ya kusafiria. Ndani ya CD hiyohiyo kuna filamu fupi aliyoipiga yeye siku White Material ilipoonyeshwa Kameruni mwaka 2010, kwenye tamasha la Écrans Noirs: aliona ni lazima picha irudi ilikotoka, ionwe na watu wa pale. Sina ugomvi naye. Ninachokionea wivu ni kabati. Mtoto wa ofisa ana filamu ya nchi ya utoto wake, imesafishwa rangi, imewekwa kwenye kasha zuri na mahojiano na wachezaji, na inaweza kununuliwa na mtu yeyote na kukaa nyumbani kwake. Mtoto wa mpishi wa nyumba ileile, aliyecheza kwenye uwanja uleule, anatoa nini kabatini akitaka kuwaonyesha wajukuu?

Mzee jirani yetu ana spana. Siku chache baada ya filamu aliileta akaiweka mezani, nzito, nyeusi kwa mafuta ya miaka, herufi za Kiingereza kwenye mpini zimelika zimebaki nusu. Baba yake alitoka nayo Kongwa kambi ilipovunjwa, na hadi leo inakaza nati za mkokoteni wa ng'ombe. Upande mmoja wa mpini umeliwa kwa ndani kidogo, mahali ambapo kidole gumba hukaa. Ndiyo picha pekee ya Kongwa aliyo nayo. Picha za kamera zipo, zilipigwa nyingi. Lakini nyingi nilizowahi kuziona zinataja aina ya trekta na jina la bwana shamba, na mtu aliyeketi kwenye usukani, Mwafrika aliyefundishwa kuendesha kifaru kilichosahau vita, ameachwa bila jina. Asiyekuwepo na lake halipo, tunasema. Hawa walikuwepo, tena walikuwa wengi kuliko wote, na lao bado halipo.

Si kwamba watu wa nyanda hizi hatukujua kutunza. Wagogo walitunza miaka kwa majina ya njaa. Mtunya, njaa iliyofuata baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka na ng'ombe katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ikaua watu kwa maelfu mpaka 1920, bado ni neno linaloweza kumnyamazisha mzee katikati ya mazungumzo. Zeze lilitunza, ilimba ilitunza, ngoma za akina mama zilitunza. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917, wakati wa vita hivyohivyo, alikaa chini akaandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kikachapishwa mwaka 1954, mabaki ya karanga yakiwa bado hayajapata kutu. Na filamu za Kiswahili zilikuwapo siku zilezile: Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu mwaka 1962, alicheza Muhogo Mchungu, katika filamu ambazo serikali ya kikoloni ilizungusha ili kuwafundisha watu namna ya kuishi. Kamera zilikuwapo Tanganyika, na lugha ilikuwapo. Waliokuwa wakifundishwa hawakuulizwa wao wanajua nini.

Na Kongwa haikuishia kwenye karanga. Kuanzia 1964 eneo hilohilo lilipokea wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine. Samora Machel alikuwa kambini hapo, na vijana waliokuja baadaye kuongoza nchi zao walikunywa maji ya visima vyetu. Mabibi wa Kongwa waliwauzia maziwa, waliwapikia, wengine walizaa nao. Ninaposikia watu wakiulizana filamu kubwa ya Tanzania itatoka wapi, huwa nashangaa. Katika eneo moja, ndani ya miaka ishirini, pametua ndoto kubwa kabisa ya ukoloni wa Kiingereza na ndoto kubwa kabisa ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, na mama mmoja angeweza kuziuzia zote mbili maziwa kutoka kwenye kibuyu kimoja. Mama huyo ndiye ninayemtaka katikati ya picha, mwanga wote umpige yeye. Wakubwa wapite nyuma yake wamebeba makaratasi yao.

Filamu ya namna hiyo inahitaji fedha, na fedha inaweza kuchelewa. Masimulizi hayawezi. Kijana aliyekuwa na miaka kumi na minane mwaka 1947 leo, kama yupo, ana zaidi ya tisini. Waliobaki kwa wingi ni wana wao, na wao pia wanaondoka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari letu siku hizi lina kamera na kinasa sauti na liko mfukoni mwa kila kijana anayepanda bodaboda kutoka Mlali kwenda Pandambili. Nimeanza na mzee wa spana. Nilimsalimia kwa Mbukwenyi, tukakaa, nikaiweka simu juu ya meza aione, nikamrudishia swali lake mwenyewe: baba yako alilala wapi? Alicheka, kisha akaniambia. Mabanda marefu, watu wamepangwa kwa safu, blanketi moja. Akaendelea bila kuulizwa: unga wa posho uliokuwa na wadudu, filimbi ya asubuhi, Mwingereza mmoja kijana aliyekuwa akija jioni kujifunza bao na kushindwa kila siku na kurudi tena kesho yake. Akasema baba yake alimpenda yule kijana. Akasema pia baba yake hakuwahi kusamehe siku aliyokatwa mshahara kwa trekta iliyovunjika kwenye kisiki ambacho yeye alikuwa ameshaonya juu yake. Yote mawili yalitoka kinywani mwake kwa sauti ileile, yamekaa pamoja bila kugombana, na hakuna filamu niliyoiona, ya Kifaransa wala ya Kiingereza, iliyowahi kuyaweka pamoja hivyo.

Shangazi naye nimemwomba. Anakumbuka mama yake alivyosimulia wanawake waliokuwa wakienda kuokota karanga zilizobaki ardhini baada ya mashine kupita, usiku, kwa vijiti, mara baada ya mvua ndogo iliyolainisha udongo, na jinsi walivyojaza vikapu mahali ambapo matrekta yalishindwa. Nataka alisimulie hilo tukiwa shambani, ameinama, mikono yake ikionyesha kijiti kinaingia wapi. Amekubali, ila kasema nifanye haraka, maana mawingu yakishaonekana upande wa milima yeye hana muda wa simu, atakuwa anapanda.